Kabla Hujanunua Konsoli, Geuza Kasha: Mwongozo kwa Mwenye Banda la Gemu Kwaluguru

Umevuna, umeuza, na sasa una mtaji mkononi. Unataka kufungua banda la gemu Kwaluguru, wilayani Handeni: wanafunzi wajae jioni, vijana wa bodaboda wajae usiku, na wewe ukae mlangoni unapokea hela za mechi. Mjomba wako wa Korogwe amekubali kukuongezea kiasi kilichopungua, ila kwa sharti moja. Anataka umweleze kwa nini ununue PlayStation na si Xbox, wakati anachokiona yeye ni masanduku mawili yanayokula umeme. Usimjibu kwamba ndiyo watu wanayoitaka. Mjomba aliyefanya biashara ya mazao miaka yote hii hatatoa senti kwa jibu la namna hiyo. Fuata mwongozo huu mpaka mwisho, kisha nenda kwake na jibu linaloweza kusimama mbele ya mfanyabiashara.

Anza kwa kusahau nguvu za mashine

Mteja wako wa kwanza atakuambia gemu fulani haipo kwenye Xbox kwa sababu Xbox haiiwezi. Mpe padi, mwache acheze, lakini usimsikilize. PlayStation 5 na Xbox Series X zilitoka mwezi mmoja, Novemba 2020, na vichakato vya zote mbili vimebuniwa na kampuni moja, AMD. Gemu inayokimbia kwenye moja inaweza kuhamishiwa kwenye nyingine, ikiwapo kazi na fedha. Inapobaki upande mmoja, mara nyingi sababu iko kwenye karatasi iliyosainiwa miaka kadhaa kabla mteja wako hajasikia jina la gemu hiyo.

Mfano wake unaujua, uko barabarani pale Michungwani. Mkulima aliyeuza machungwa yakiwa bado mtini, kwa sababu ada ya shule haikungoja mavuno, hana sauti tena kama mzigo uende Dar es Salaam au uvuke mpaka kwenda Kenya. Aliyetoa fedha matunda yakiwa mabichi ndiye anayeita lori. Gemu kubwa nazo huuzwa hivyo, zikiwa mtini. Studio ina watu 100 au 300 wanaotaka mshahara kila mwezi kwa miaka mitatu, minne au mitano kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Anayelipa mishahara hiyo anaitwa mchapishaji. Hulipia pia majaribio, sauti, tafsiri, matangazo na ukaguzi ambao kila mwenye konsoli huufanya kabla gemu haijaingia dukani kwake. Gemu ikishatoka, fedha za mauzo humrudishia mchapishaji alichotoa, na baada ya hapo ndipo studio huanza kupata fungu lake kwa kadiri walivyokubaliana.

Kwa hiyo geuza kasha. Nyuma yake, au chini mbele, kuna nembo zaidi ya moja: ya studio iliyotengeneza na ya mchapishaji aliyelipa. Jicho lako liende kwa mchapishaji. Akiwa ndiye mwenye konsoli, yaani Sony, Microsoft au Nintendo, tegemea gemu hiyo ikae nyumbani kwake, walau kwa muda. Akiwa mtu asiyetengeneza konsoli, kama Electronic Arts (EA), Konami, Capcom au Ubisoft, yeye anataka kuuza kila mahali, na ukiona gemu yake iko upande mmoja tu, jua kuna mtu amemlipa au amemlipia.

Ushahidi wa kumpelekea mjomba ni studio ya Insomniac ya Marekani. Mwaka 2014 ilitengeneza Sunset Overdrive. Mchapishaji alikuwa Microsoft, gemu ikatoka kwenye Xbox One. Mwaka 2018 studio hiyohiyo, ikiwa bado haijanunuliwa na yeyote, ilitengeneza Spider-Man. Mchapishaji alikuwa Sony, gemu ikatoka kwenye PlayStation 4. Mwaka uliofuata Sony ikainunua studio yenyewe kwa dola milioni 229. Mafundi hawakubadilika, aliyebadilika ni mlipaji.

Bayonetta inafundisha zaidi. Ya kwanza, mwaka 2009, ilichapishwa na Sega na ikaingia PlayStation 3 na Xbox 360. Sega ikaacha kuigharimia sehemu ya pili. Nintendo ikatoa fedha, na mwaka 2014 Bayonetta 2 ikatoka kwenye Wii U peke yake. Wapenzi wa gemu hiyo waliokuwa na PlayStation walikasirika sana, wakidai wameporwa. Mimi naona hasira yao ilikosa mlengwa: bila Nintendo gemu isingekuwapo kabisa. Kabla hujailaani gemu ya konsoli moja, uliza kwanza kama kuna mwingine aliyekuwa tayari kuilipia.

Chukua kalamu upige hesabu

Sehemu hii ndiyo itakayomshawishi mjomba, basi ifanye mbele yake. Tuseme studio inatarajia kuuza nakala 1,000,000 kwenye PlayStation na nakala 400,000 kwenye Xbox, kila nakala shilingi 100,000. Mwenye duka la konsoli hukata asilimia 30 ya kila mauzo, kwa desturi ya biashara hii. Kinachobaki kwa kila nakala ni shilingi 70,000. Sony ikitaka gemu isiende Xbox, inatakiwa kufidia zile nakala 400,000 ambazo hazitauzwa, yaani shilingi bilioni 28, na pengine pungufu ya hapo kwa kuwa studio itaokoa gharama za kuihamisha. Microsoft ikitaka kinyume chake, lazima ifidie nakala milioni moja: shilingi bilioni 70. Gemu ni ileile na mkataba ni uleule, ila mwenye wateja wachache analipa mara mbili na nusu.

Ukiielewa hesabu hiyo utaelewa kwa nini anayeongoza huzidi kuongoza. Mwaka 2001 Sony ilikuwa na PlayStation 2 sokoni tayari, na Microsoft ilikuwa mlangoni na Xbox yake ya kwanza. Chris Deering, aliyekuwa mkuu wa PlayStation barani Ulaya, amesimulia hadharani jinsi walivyowaendea wachapishaji wakubwa kuwaomba gemu zao zikae PlayStation pekee kwa miaka miwili. Mmoja wa waliokubali alikuwa Take-Two, mwenye Grand Theft Auto (GTA). GTA III ikatoka Oktoba 2001 kwenye PS2, Vice City ikafuata 2002. Wenye Xbox walizipata zote mbili mwishoni mwa 2003. San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwenye PS2, na Juni 2005 kwenye Xbox. PS2 iliendelea mpaka ikauza zaidi ya mashine milioni 155 duniani.

Huenda umewahi kukaa kwenye kibenchi, mbele ya TV ya chogo, ukisubiri zamu yako ya kuendesha gari la watu katika San Andreas. Kama ndivyo, tabia yako ya kusema "pleistesheni" ukimaanisha gemu yoyote ile ina mizizi kwenye mkataba huo wa miaka miwili. Microsoft nayo ilijifunza. Ilipofika zamu ya GTA IV iliilipa Take-Two dola milioni 50 ili hadithi mbili za nyongeza zikae kwenye Xbox 360 tu. Zilitoka humo mwaka 2009, na Aprili 2010 zikafika PlayStation 3.

Hapo chukua kanuni ya kazi: haki ya pekee inayonunuliwa kwa mchapishaji asiye na konsoli huwa na tarehe ya kuisha. Rise of the Tomb Raider ilitoka Xbox Novemba 2015, ikafika PlayStation 4 Oktoba 2016. Final Fantasy XVI ilitoka PlayStation 5 Juni 2023, ikafika Xbox Juni 2025. Ikiwa mtaji wako ni mdogo, gemu ya namna hiyo isikuharakishe kununua mashine ya pili. Subiri. Utaipata kwenye mashine uliyonayo, na mara nyingi bei itakuwa imeshuka.

Akinunua shamba zima

Mjomba makini atauliza: kwa nini Microsoft isinunue mashamba badala ya kugombania matunda? Ilifanya hivyo. Septemba 2020 ilitangaza kuinunua ZeniMax, kampuni mama ya mchapishaji Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Tarehe 13 Oktoba 2023, baada ya kesi Marekani na mvutano mrefu na wasimamizi wa soko Uingereza, ikakamilisha kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7.

Na hapa ndipo nguvu ya mkataba inapoonekana wazi. Microsoft ilipoichukua ZeniMax rasmi Machi 2021, ndani yake ilikuta mkataba wa zamani uliosema Deathloop itoke kwanza kwenye PlayStation 5. Ikauheshimu. Septemba 2021 Microsoft, mwenye Xbox, ilitoa gemu yake mwenyewe kwenye konsoli ya mshindani, na wenye Xbox wakasubiri mwaka mmoja. Mwenye mali alibadilika, saini ikabaki.

Kisha upepo ukageuka. Kutengeneza gemu kubwa siku hizi kunakula mamia ya mamilioni ya dola, na wateja wa konsoli moja hawatoshi tena kurudisha fedha hizo. Aprili 2025 Microsoft ilipeleka Indiana Jones and the Great Circle kwenye PlayStation 5. Halafu ikaja siku ambayo ningependa kila mwenye banda aikumbuke: tarehe 26 Agosti 2025, Gears of War, gemu iliyotambulisha Xbox kwa karibu miaka ishirini, iliingia PlayStation 5 kwa toleo la Reloaded, na siku hiyohiyo Helldivers 2, iliyochapishwa na Sony, iliingia Xbox. Vijana wanaoumana bandani kwako kuhusu nani bora, PlayStation au Xbox, wanagombea ukuta ambao wenye konsoli wenyewe wameanza kuutoboa kwa sababu unawatia hasara.

Mpira una mikataba yake

Sasa tuje kwenye chakula chako halisi. Banda la Handeni haliishi kwa Bayonetta, linaishi kwa mpira. Na kwenye mpira habari ni njema: EA na Konami hawana konsoli, hivyo hupeleka gemu kila walipo wateja. FIFA 14 ya EA na PES 2014 ya Konami zote zilitoka pia kwa PS2, mwaka 2013, miaka 13 baada ya mashine hiyo kuzaliwa. Mchapishaji haiachi mashine ya zamani yenye wateja.

Wanachogombania wao ni majina. Julai 2019 Juventus ilisaini na Konami peke yake, na kwenye FIFA 20 Cristiano Ronaldo akajikuta anachezea timu iitwayo Piemonte Calcio. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ilikuwa kwa Konami tangu 2008 hadi 2018, kisha ikahamia kwa EA. Mwaka 2022 EA na shirikisho la FIFA zilitangaza kuachana baada ya karibu miaka thelathini, na tangu Septemba 2023 gemu inaitwa EA Sports FC. Hilo lisikutoe jasho. Mteja akisema anataka FIFA mpya, mwekee FC na mechi iendelee. Ila usimuuzie rafiki yako gemu mpya yenye jina FIFA ukidhani ni mwendelezo wa ile aliyoizoea. Hiyo ni kazi ya mikono mingine.

Usinunue mashine isiyo na mlango wa diski

Hili nalisema kwa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu linamgusa mtu wa Kwaluguru moja kwa moja. Mkataba wa uchapishaji huwa hauishii kwenye konsoli, huhusu pia nchi. Mtandao wa PlayStation una orodha ya nchi unazozihudumia rasmi, na Tanzania haimo. Ukitaka kununua gemu kwenye duka lake, unalazimika kufungua akaunti ya nchi nyingine, kutafuta kadi za malipo za nchi hiyo, na kuishi na akaunti usiyoweza kuihamishia kwenu hata siku Tanzania ikiingia.

Dunia iliuona ukuta huo Mei 2024. Sony, kama mchapishaji wa Helldivers 2, iliamua kwamba kila anayeicheza kwenye kompyuta awe na akaunti ya mtandao wa PlayStation. Gemu ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, pamoja na nchi ambako watu walikwishailipia. Wachezaji wakapaza sauti kwa siku chache tu na Sony ikaliondoa sharti hilo. Arrowhead, studio ya Sweden iliyoitengeneza gemu, ilibeba matusi mengi ya uamuzi ambao mamlaka yake yalikuwa kwa mchapishaji.

Kwa hiyo kwako wewe kanuni ni hii. Toleo la PlayStation 5 lisilo na mlango wa diski, na Xbox Series S, ni bei nafuu dukani na ghali bandani, maana kila gemu itapitia duka la mtandaoni, na lile la PlayStation halikutambui. Diski unaweza kuiagiza Kariakoo, kuipokea kwa basi, kuibadilisha na mwenye banda wa Chanika au Mkata, na kuiuza ukiichoka. PS2 na PS3 nyingi za mabandani zimefunguliwa na mafundi na kupakiwa gemu kwa flashi. Simlaumu mtu aliyefanya hivyo pale ambapo duka rasmi halijafika. Lakini matokeo yake yapo: kwa mchapishaji anayesoma takwimu zake, Wilaya ya Handeni nzima inaonekana haina mtu anayecheza, na mtu asiyeonekana haandikwi kwenye mkataba.

Gemu inayosema Kiswahili ilivyopata njia

Abubakar Salim ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji wengi waliisikia sauti yake mwaka 2017 kama Bayek katika Assassin's Creed Origins. Baada ya kumpoteza baba yake aliamua kuugeuza msiba huo kuwa gemu, akaanzisha Surgent Studios. Mchapishaji aliyejitokeza ni EA, kupitia mpango wake wa EA Originals unaogharimia kazi za studio ndogo. Tarehe 23 Aprili 2024 ikatoka Tales of Kenzera: ZAU, hadithi ya mganga kijana anayemwendea mungu wa kifo kumdai baba yake, iliyojengwa juu ya simulizi za Kibantu. Na unaweza kuicheza yote ikizungumza Kiswahili.

Ilitoka PlayStation 5, Xbox Series X na S, Nintendo Switch na kompyuta, siku moja. Kwa nini haikufungiwa? Rudi kwenye kasha: mchapishaji hana konsoli. Angekuwa Sony, pengine leo mwenye Switch asingeisikia. Hata hivyo, wenye PlayStation walipata upendeleo kwa mlango mwingine, kwa sababu iliingia kwenye huduma ya kulipia ya PlayStation Plus Extra siku ileile ya kwanza, na huduma za aina hiyo humlipa mchapishaji ili gemu iwemo. Wengine waliinunua kwa dola 19.99.

Mauzo hayakuilinda studio. Ndani ya mwaka uleule wa 2024 Surgent ilipunguza watu, Salim akatangaza hadharani kwamba wanatafuta mfadhili wa kazi inayofuata. Aliyejitokeza safari hii ni Pocketpair, Wajapani waliotengeneza Palworld na kuanzisha tawi la uchapishaji. Julai 2025 Surgent ikatoa Dead Take, ikiwa ya kompyuta. Studio ileile, mlipaji mwingine, nyumba nyingine.

Linaloniuma mimi ni kwamba gemu kubwa ya konsoli yenye sauti kamili ya Kiswahili ilitoka, na mtoto wa Kwaluguru anayeongea Kiswahili hicho hana duka la PlayStation la kuinunulia. Lugha yetu iliingia kwenye mkataba, lakini nchi yetu haikuingia.

Kama kijana wako anataka kutengeneza yake

Wapo, na utawajua: ndio wanaokuja bandani bila hela ya mechi na kuangalia jinsi gemu inavyofanya kazi. Mmoja akikujia siku moja na barua ya mchapishaji, mkalishe chini kabla hajasaini. Aulize mambo haya bila haya. Haki zinahusu mashine zipi, na je, zile ambazo mchapishaji hatazitumia zinarudi kwake? Haki ya pekee inaisha tarehe gani? Fedha za awali zinarejeshwa kutoka wapi, na gharama za matangazo zinahesabiwa humo? Jina na wahusika wa gemu vinabaki kuwa mali ya nani wakiachana? Gemu itauzwa katika nchi zipi? Kwenye swali hilo la mwisho asikubali jibu la "dunia nzima", maana tumeona dunia hiyo inaweza kupungukiwa na nchi zaidi ya 170 kwa uamuzi wa siku moja. Adai orodha, na Tanzania iandikwe humo kwa jina.

Nawe mwenye banda, kwa kuwa gemu za mpira haziiachi mashine ya zamani yenye wateja, nunua PlayStation 4 iliyotumika, yenye mlango wa diski, na padi nne. Ikianza kuleta faida, weka kompyuta moja pembeni. Duka la Steam linauza Tanzania, na ZAU ipo humo. Chagua sauti ya Kiswahili, ongeza spika, na uwaite watoto.